Connie Mack: alijenga ekipe ya ubingwa mara mbili, akaiuza mara mbili

Mwezi wa kumi mwaka 1914, ekipe ya besiboli ya Philadelphia Athletics, kule Marekani, ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi yake mara nne katika miaka mitano. Mwaka uliofuata ikawa ya mwisho. Ikabaki ya mwisho miaka saba mfululizo. Haikupata ajali, wala wachezaji wake hawakuzeeka wote siku moja. Aliyeibomoa ni yule yule aliyeijenga, kocha wake Connie Mack. Kisha miaka kumi na tano alikuwa na ekipe ingine, ya nguvu kupita ya kwanza, na hiyo nayo akaiuza, mchezaji mmoja mmoja.

Mack alifundisha ekipe moja miaka 50, tangu 1901 mpaka 1950. Hakuna kocha wa ligi kubwa za besiboli aliyeshinda mechi nyingi kama yeye: 3,731. Na hakuna aliyepoteza nyingi kama yeye: 3,948. Hesabu hizo mbili zinashangaza, lakini zinaeleweka mtu akijua kwamba mzee huyu alikuwa na kazi mbili. Alikuwa kocha, tena alikuwa mmoja wa wenye ekipe. Mchana alichagua nani atacheza, na jioni alitafuta feza za kumlipa.

Mtoto wa kiwanda cha viatu

Jina lake la kuzaliwa ni Cornelius McGillicuddy. Alizaliwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1862 katika mji mdogo wa East Brookfield, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wametoka Ireland. Baba yake alienda katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na alirudi bila afya nzuri. Kwa hiyo kijana akaacha shule mapema na kuingia katika kiwanda cha viatu ili kusaidia nyumba.

Alikuwa mrefu na mwembamba sana. Katika besiboli alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mpira unaorushwa. Mwaka 1884 ekipe ya mji wa Meriden ikampa mkataba wa dola 90 kwa mwezi. Kwa mtu wa kiwanda, zile zilikuwa feza nyingi, na hakurudia tena viatu. Miaka miwili baadaye alifika katika ligi kubwa, kwenye ekipe ya Washington.

Wakati ule wenye ekipe walikuwa na sheria moja kali. Mkataba ukiisha, mchezaji hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine. Alibaki mali ya ekipe mpaka ekipe yenyewe imuuze ao imfukuze. Kwa hiyo hakuweza kubishana juu ya mshahara, sababu hakukuwa na mwingine wa kumnunua. Mwaka 1889 wenye ekipe wakaongeza jambo lingine: wakapanga wachezaji katika ngazi tano, na ngazi ya juu kabisa haikupita dola 2,500 kwa mwaka.

Wachezaji wakakasirika. Mwaka 1890 wakaunda ligi yao wenyewe, na Mack akawa kati yao. Alichukua dola 500 alizokuwa amejiwekea akazitia katika ekipe ya Buffalo, ambayo angechezea tena. Ile ekipe ikamaliza ya mwisho. Ligi yenyewe ikakufa kisha mwaka mmoja tu, na dola 500 zikaenda nayo. Hilo njo lilikuwa somo lake la kwanza: mchezo unaweza kuwa mzuri na wapenzi wakapiga kelele, lakini mlango usipoleta feza za kutosha, kila kitu kinafungwa.

Alirudi ligi ya zamani, akachezea Pittsburgh na hata kuifundisha, mpaka wakamfukuza mwaka 1896. Akaenda Milwaukee, katika ligi ndogo, miaka minne. Huko alipewa mambo yote mkononi: kununua wachezaji, kuwauza, kulipa hoteli na treni, kuhesabu tikiti. Alijifunza kazi ya kocha na ya mtunza kasha kwa pamoja.

Tembo mweupe

Mwaka 1901 ligi mpya ikazaliwa, American League, na Mack akapewa kusimamisha ekipe katika mji wa Philadelphia. Mfanyabiashara Ben Shibe, mtengenezaji wa vifaa vya besiboli, alichukua nusu ya hisa. Mack alipata robo. Miaka kumi na miwili baadaye alinunua robo ingine, na tangu hapo alikuwa na nusu nzima.

Namna gani ekipe mpya inapata wachezaji wazuri? Mack alifanya sawa vile wachezaji wenzake walivyotamani mwaka 1890: alitoa mishahara mikubwa kupita ya ligi ya zamani, ambayo haikutaka kupita dola 2,400. Nap Lajoie, mpigaji mkubwa wa ekipe jirani ya Phillies, akavuka mtaa na kuja kwake. Phillies wakaenda tribinali na wakashinda mwaka 1902, na Lajoie akalazimika kuhamia Cleveland. Hata hivyo, mwaka uleule Athletics walichukua ubingwa wa ligi.

Kocha mmoja wa New York, John McGraw, alikuwa ameicheka ekipe hii kwa kuiita tembo mweupe. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya kitu kinachokula feza kila siku bila kuzaa faida. Mack hakukasirika. Alichukua tembo na kumfanya alama ya ekipe, na mpaka leo tembo ni alama ya Athletics. Lakini swali la McGraw halikuwa la mchezo. Ekipe inayoshinda inakula kiasi gani, na nani atailisha?

Mack alijibu kwa kutafuta vijana kabla hawajakuwa na bei. Alituma watu wake katika vyuo vikuu na mashule. Eddie Collins alitoka chuo cha Columbia, Jack Barry alitoka Holy Cross, na Stuffy McInnis alikuwa kijana mdogo kabisa alipofika. Pamoja na Frank Baker, hawa wanne waliitwa kikosi cha dola 100,000. Haikuwa mshahara wao. Ni bei ambayo watu walidhani wangefika kama wangeuzwa wote. Mack hakuwapigia kelele. Alikaa kwenye benchi akivaa kostimu na kola ngumu, mkononi karatasi ya mechi, na kwa kuitikisa tu aliwaonyesha wachezaji wasogee kushoto ao kulia.

Mwaka 1909 ekipe ikahamia Shibe Park, uwanja wa kwanza wa ligi kubwa kujengwa kwa chuma na beto. Kisha vikombe vikafuata: World Series, ile fainali kubwa ya mwaka, wakaichukua 1910, 1911 na 1913.

Mwaka ambao kushinda hakukulipa

Mwaka 1914 mambo mawili yakafika kwa wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa ligi mpya, Federal League, iliyokuja na feza za matajiri na kuwaita wachezaji wa wengine. Ni kile kile Mack alichokuwa amefanya mwaka 1901, lakini sasa yeye njo alikuwa anaibiwa. Kila mchezaji wake bingwa alikuja mezani na bei mpya. Warushaji wake wawili wakubwa, Eddie Plank na Chief Bender, mwisho wa mwaka wakaenda.

La pili lilikuwa mlango wa uwanja. Mwaka 1913 watu karibu 570,000 walikuwa wamelipa kuona Athletics. Mwaka 1914, ekipe ikiwa inashinda bado, walikuja karibu 346,000 tu. Watu walikuwa wamezoea kushinda. Kazi ilikuwa inakwisha mjini, na mtu hakuona haraka ya kutoa feza ili aone jambo analolijua mwisho wake. Wakati ule hakukuwa na feza za televisheni wala za redio. Mshahara ulitoka mlangoni.

Katika fainali, Boston Braves wakawapiga mechi nne kwa sifuri. Kabla mwaka haujaisha, Mack akamuuza Eddie Collins kwa Chicago White Sox kwa dola 50,000. Baker akakataa kucheza mwaka 1915 juu ya mshahara, akakaa nyumbani msimu mzima, kisha akauzwa New York. Barry akauzwa Boston. Mwaka 1914 ekipe ilikuwa imeshinda mechi 99. Mwaka 1915 ilishinda 43. Mwaka 1916 ilishinda 36 na kupoteza 117, moja ya misimu mibaya kabisa katika historia ya mchezo.

Wapenzi wa Philadelphia walimwita bahili. Yeye aliona kwamba kulingana na bei za Federal League kungemfilisi. Na hapo kuna jambo ambalo lilimuumiza baadaye: ile ligi ilikufa mwisho wa 1915. Bei zikashuka tena. Kama angevumilia mwaka mmoja na deni, labda angebaki na Collins, ambaye aliendelea kung'aa Chicago miaka mingi. Lakini mwezi wa kumi na mbili mwaka 1914 hakuna aliyekuwa anajua hayo, na karatasi ya mishahara ilikuwa mezani.

Kupanda tena

Ekipe ya mwisho haifi haraka kama mtu anavyodhani. Mishahara ilikuwa midogo, na Athletics wakisafiri walipata fungu lao kwenye mlango wa wenyeji. Namna hiyo Mack aliishi miaka saba ya aibu, mpaka akaanza kukusanya feza tena.

Safari hii hakungoja vijana wa bei ndogo peke yake. Mwisho wa mwaka 1924 alilipa ekipe ya Baltimore dola 100,600 kwa mrushaji mmoja, Lefty Grove. Zile 600 ziliongezwa ili bei ipite dola 100,000 ambazo New York walikuwa wamelipa kwa Babe Ruth. Akampata pia mdakaji Mickey Cochrane, mpigaji Al Simmons, na kijana wa shamba Jimmie Foxx. Wote wanne leo wako katika nyumba ya heshima ya besiboli.

Mwaka 1929 walishinda mechi 104 na kuwapiga Chicago Cubs katika World Series. Katika mechi ya nne walikuwa nyuma 8 kwa 0, wakafunga alama kumi katika zamu moja. Mwaka 1930 wakachukua tena World Series. Mack akapewa pia zawadi ya Bok, dola 10,000, iliyokuwa inapewa raia aliyefanyia Philadelphia mema. Mwaka 1931 walishinda mechi 107, lakini katika fainali wakaangushwa na St. Louis Cardinals.

Ile fainali ilikuwa na funzo ambalo si wengi walilitazama. Mkubwa wa Cardinals, Branch Rickey, alikuwa amenunua ekipe ndogo katika miji mingi na kuwakuza vijana humo. Mmoja wao, Pepper Martin, njo aliyewasumbua Athletics mechi kwa mechi. St. Louis haukuwa mji wa feza nyingi. Rickey alipomuuza mchezaji aliyekuwa ghali, alikuwa tayari na mwingine nyuma yake. Mack alipouza, nyuma yake hakukuwa na mtu.

Kuuza mara ya pili

Na ilibidi kuuza, sababu uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu mwisho wa 1929. Viwanda vya Philadelphia vilifunga milango. Mwaka 1929 watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameingia uwanjani. Mwaka 1933 hawakufika 300,000. Tena sheria ya jimbo la Pennsylvania ilikataza besiboli siku ya Mungu. Jumapili, siku pekee ambayo mtu wa kazi anapumzika, New York na Chicago walijaza viwanja, na Shibe Park ulikuwa umefungwa. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1934, mabingwa wakiwa wameanza kuondoka. Banki nazo zilitaka feza zao.

Mwezi wa tisa 1932 Mack aliuza Simmons na wenzake wawili kwa Chicago White Sox, dola 100,000. Mwisho wa 1933 Grove akaenda Boston pamoja na wengine wawili, kwa dola 125,000, na Cochrane akaenda Detroit kwa dola 100,000. Mwisho wa 1935 Foxx naye akaenda Boston, dola 150,000. Mwenye ekipe ya Boston, Tom Yawkey, alikuwa kijana aliyerithi mali nyingi na hakujali hesabu ya mlango. Mack hakuwa na mali nje ya besiboli. Ndiyo ilikuwa kazi yake na shamba lake.

Detroit hawakujuta. Cochrane, akicheza na kufundisha, aliwapa ubingwa wa ligi 1934 na World Series 1935. Athletics, kati ya 1935 na 1946, walimaliza wa mwisho mara tisa.

Mwaka uleule wa 1935 kilitokea kitu ambacho watu wa mtaa hawakusahau. Wakati wa ubingwa, wenye nyumba za ng'ambo ya uwanja, upande wa kulia, walikuwa wanauza nafasi juu ya mapaa yao, na watu walitazama mechi kutoka huko. Ekipe ilikuwa imewapeleka tribinali bila kufaulu. Basi ikasimamisha ukuta wa mabati juu ya ukuta wa zamani, ili wasione tena. Jirani waliochangamkia Athletics miaka mingi wakabaki wanatazama bati. Na ndani, wenye kulipa walikuwa wachache.

Inasimuliwa kwamba Mack aliwahi kueleza hesabu yake bila aibu: ekipe inayopigana vizuri mwanzo wa msimu na kumaliza ya nne inaleta faida kupita bingwa, sababu watu wanakuja, na mwisho wa mwaka mchezaji hana hoja ya kuomba nyongeza. Kama hesabu ya mwaka mmoja, ni sahihi. Shida yake ni kwamba wapenzi nao wanajua kuhesabu. Wakielewa kwamba kila bingwa atauzwa, wanaacha kuja hata mwanzoni.

Njia ingine ilikuwepo. Mpaka mwaka 1947 ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi, waliokuwa na ligi zao wenyewe, na wengi walikuwa bora kupita wazungu waliokuwa wanalipwa. Mwaka ule Jackie Robinson akaingia na ekipe ya Brooklyn, akiletwa na Branch Rickey yuleyule. Ekipe maskini, iliyo ya mwisho, njo ingekuwa ya kwanza kuwakimbilia. Mack alikaa miaka mitatu zaidi kwenye benchi bila kumchezesha hata mmoja. Athletics walimchezesha mchezaji wao wa kwanza mweusi mwaka 1953, mzee akiwa ametoka. Hapo si feza iliyokosa. Ni ubaguzi, na uliwagharimu kama ulivyogharimu wengine.

Deni la mwisho

Mack aliacha kazi mwezi wa kumi 1950, akiwa na miaka 87. Msimu ule ekipe ilikuwa ya mwisho tena. Watoto wake hawakuelewana. Roy na Earle, wa mke wa kwanza, walinunua hisa za ndugu yao wa mama mwingine na za familia ya Shibe, wakaweka ekipe rehani kwa kampuni ya asuransi ili wapate zaidi ya dola milioni moja na nusu. Ekipe iliyokuwa imeuza mabingwa wake ili isiingie katika deni, ikaingia katika deni ili familia igawane. Mwaka 1953 Shibe Park ukapewa jina la Connie Mack Stadium. Mwaka 1954 ekipe ikauzwa kwa mfanyabiashara Arnold Johnson, akaihamisha Kansas City. Mzee alifariki tarehe 8 mwezi wa pili 1956, akiwa na miaka 93, katika mji ambao haukuwa tena na ekipe yake.

Mkulima mwenye njaa anaweza kula mbegu zake msimu mmoja na akaishi. Mack alifanya hivyo mwaka 1914, na alipata mbegu zingine. Kisha 1932 akala tena, na hakuwa ametayarisha shamba lolote nyuma. Heshima yake haikuondoka: alilipa watu wake, hakukimbia na feza za mtu, na aliingizwa katika nyumba ya heshima mwaka 1937. Lakini wale wa mtaa wa Shibe Park waliona ubingwa wa mwisho wa Athletics mwaka 1931. Tembo akaondoka kwenda miji mingine, Kansas City, kisha Oakland, na Philadelphia ikabaki na jina lake kwenye ukuta wa uwanja, mpaka ukuta nao ukabomolewa.